Jina la Kwao Jepkosgei

Al Thumama, Doha
7 Februari 2025

Baba mpendwa,

Chamgei. Goti lako linaendeleaje, na yule ng'ombe mkorofi ameshazaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Bado ninamuuguza yule mama mzee wa hapa, naye bado hamezi dawa mpaka nimwimbie.

Nina habari njema na ombi. Kiptoo, yule dereva wa Al Wukair niliyekutumia picha yake tukiwa kanisani Abu Hamour, anataka kunioa. Watu wake watakuja kwako Agosti. Wazee wao wanauliza koo zote, hata za nyanya zangu wote wawili, wasije wakaoza ndugu kwa ndugu. Upande wa marehemu Mama ninaujua. Kwako najua tu kwamba nyanya Tabutany alikuzaa na babu akafia vitani. Nyanya alikuwa binti wa nani kabla ya kuolewa?

Binti yako,
Jebet

Kabiyet
12 Februari 2025

Binti yangu Jebet,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe amezaa dume, hasara tupu. Barua hii inapigwa picha na Mwalimu Emily, jirani, maana simu yangu ni ya kupokea na kukata tu.

Kiptoo aje, nitachinja. Kuhusu jina la nyanya yako, watu wa zamani hawakuandika mambo. Waambie halijulikani. Ya kale hayanuki, mwanangu, tusiyafukue.

Babako

Al Thumama
28 Machi 2025

Baba,

Natumaini hujambo. Mimi mwili ni mzima, moyo sivyo.

Nimeyafukua. Nilimtuma Ronnie wa mjomba, yule karani wa Kapsabet, ambaye sasa ndiye atakayekuletea barua zangu kwa mkono, zisipite kwa Emily. Kwenye rejista ya vizazi, mahali pa jina la baba yako pameandikwa Tabutany. Ronnie alicheka, akasema aliyeandika alikuwa amelewa. Kisha akaenda kwa mtoto wa chifu wa zamani, ambaye bado ametunza daftari la kuhesabia watu la 1962. Humo karani mwingine ameandika: mwenye mji, Tabutany, mjane. Mke wake, Jepkosgei binti Chumo, wa Kaptumo, ukoo wa Kipkenda. Mtoto wao, Kipkemboi, miaka sita. Makarani wawili hawawezi kulewa pombe moja.

Desturi yetu naijua. Mjane asiye na mtoto humwoa mwanamke amzalie, na yeye huhesabiwa mume. Hilo si aibu. Aibu ni kwamba Jepkosgei ninamjua. Alilala jikoni kwetu, akala baada yetu. Ulituambia ni mama wa kutusaidia kazi, nami nikamtuma maji ya kuoga kama mtoto wa bosi. Alipofariki mimi ndiye niliyechapa karatasi ya mazishi. Uliniambia niandike "mfanyakazi wa familia". Nikaandika, nikarudia kuangalia kama nimekosea nukta.

Juzi walikuja wageni hapa wakauliza mimi ni nani. Binti wa mama mzee akasema "khadama", yaani mtumishi, na mimi ni nesi mwenye cheti. Nilinuna mpaka jioni. Halafu nikamkumbuka Jepkosgei, nikaona sina haki hata ya kununa.

Yule ndiye mama yako?

Jebet

Al Thumama
9 Mei 2025

Baba,

Hujambo? Emily ananiambia u mzima, na kwamba kila akiuliza barua unamwambia hakuna.

Kiptoo anauliza awapelekee wazee jibu gani. Sijamwambia kitu. Naona haya akiniuliza niliishije na nyanya yangu miaka kumi na tisa nisimjue. Ukinyamaza mpaka mwisho wa Juni nitawaambia wasije. Siwezi kuingia kwa watu na uongo huo kwenye sanduku langu.

Bintiyo

Kabiyet
20 Juni 2025

Jebet mwanangu,

Hii nimeifunga kwa gundi na kumpa Milka anayerudi huko kazini. Sikutaka Emily aione.

Ndiye mama yangu. Nilipokuwa darasa la nne walitutaka tutaje baba zetu kwa sauti. Nikataja Tabutany, kwa kuwa nyumbani ndiye niliyemwita baba. Watoto waliimba njia nzima kwamba babangu anavaa gauni. Nikaapa nikikua nitapata baba wa kawaida. Nikajitungia aliyefia vitani.

Nilipopata ualimu, mkuu wa shule alinitembelea. Mama alileta chai. Mkuu akauliza, huyu ni nani? Nikajibu, ni mama wa kutusaidia. Alikuwa anamimina, Jebet. Hakumwaga hata tone. Tangu siku hiyo, hata tukiwa wawili tu, aliacha kuniita Kipkemboi. Aliniita Mwalimu. Amekufa akiniita Mwalimu.

Ningeweza kulirudisha neno siku yoyote. Kila mwaka lilikuwa zito zaidi, na kila mwaka yeye alikuwa pale jikoni. Wewe usijilaumu kwa ile karatasi. Uliandika nilichokuamuru.

Ninaona haya mbele yako, mtoto niliyemfundisha kusoma.

Baba

Al Thumama
3 Julai 2025

Baba,

Milka amefikisha. Nimeisoma mara tatu, nikalia mpaka mama mzee akaniimbia mimi.

Nimemwambia Kiptoo kila kitu. Aliuliza tu kama nyanya alijua kutengeneza mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu. Nikamwambia hakuna aliyemshinda.

Lakini jina sitawaandikia wazee wake. Utalitaja wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu. Nisamehe kwa kukuamuru.

Bintiyo,
Jebet

Kabiyet
17 Agosti 2025

Jebet,

Hatujambo sote. Walikuja jana, watu kumi na wanane, na Mwalimu Emily alinisaidia kuwapokea.

Walipofika kwenye koo, mjomba wake Kiptoo, mzee Douglas, anayeishi kilima hiki hiki chetu, akauliza: aliyekuzaa wewe ni wa wapi? Nilisimama. Nikasema: nilizaliwa na Jepkosgei binti Chumo, wa Kaptumo, ukoo wa Kipkenda, aliyeolewa na Tabutany. Ndiye aliyewapikia wageni chai miaka yote katika nyumba hii nami nikamwita mtumishi.

Mzee Douglas akasema, "Kaa chini, Mwalimu. Tulijua. Kilima chote kilijua. Hata mama yako alijua kwamba tunajua. Tukimwuliza, alikuwa akisema tukuache, utasema siku yako ikifika."

Miaka arubaini na tisa nilijificha nyuma ya mlango ulio wazi, na yeye alikuwa amenishikia.

Koo hazigongani. Mtaoana Desemba. Mchonga mawe wa Kapsabet anakuja Jumatano kwa ajili ya kaburi lake, nami nimemwandikia maneno kwa mkono wangu.

Emily ameniuliza kama kweli nataka barua hii ipite kwenye simu yake. Nimemwambia aisome kwanza, kisha apige picha kurasa zote.

Babako,
Kipkemboi wa Jepkosgei