Kufa Si Kitenzi

Jumatatu, 2 Juni 2008

Mvua. Paa la majani la darasa linavuja palepale pa mwaka jana. Mwalimu Paw Wah, binti aliyezaliwa humuhumu katika kambi ya wakimbizi, ananifundisha mimi niliyefundisha shule ya kijiji miaka kumi na tisa. Leo kayapanga maneno ya Kiingereza ubaoni: nomino, vitenzi, vivumishi. Kila neno na ukoo wake!

Nikaandika: House big. Akatabasamu. “Babu, umeisahau is tena.” Tamla Doh, jirani yangu wa benchi, akadakia kuwa nimeitafuna pamoja na tambuu.

Lakini katika Kikareni chetu ukubwa ni kitenzi. Nyumba inafanya ukubwa, kama mbwa anavyobweka. Kwao Waingereza haifanyi lolote. Imekaa tu, na is imeishikilia. Miaka sabini na moja nimeisema lugha hii — sikujua kwamba tunazifanyisha kazi hata nyumba!

Jumatano, 4 Juni

Simu ya Hser Gay, binti yangu, kutoka ng’ambo. Mahojiano yangu ya kuhamia huko ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nikipita, nitaenda kuishi naye.

“Na mama utamsemaje?”

Nikaihamishia simu sikio la pili.

“Baba, sema amekufa. Ukisema hajulikani alipo, faili linarudi chini ya rundo. Utangoja mpaka lini?”

Hser Gay alikuwa na miaka tisa, mabegani mwangu, tulipovuka mto tukikimbia vita. Mama yake alirudi kuchukua chumvi. Mwaka 1984. Chumvi!

Ijumaa, 6 Juni

Nimeandika: My wife die. Paw Wah kasahihisha, taratibu, kama anayemfunga mtu kidonda: My wife is dead. Hiyo dead, anasema, ni kivumishi.

Kivumishi! Kama refu, kama jeupe. Sikuamini; nikaomba kamusi. Kweli. Kitenzi cha kufa wanacho, lakini ni cha siku ile tu. Baada ya hapo mtu is dead. Is — ileile ya nyumba!

Nikauliza: kwa hiyo aliyekufa bado yupo?

Akafikiri kidogo. “Kisarufi, babu, ndiyo.”

Tamla akapiga paja. “Kumbe hawa hawafi, wanabadilika rangi tu!” Darasa zima kicheko. Nami nilicheka. Kisha nikatoka kutema tambuu, nikakawia huko nje.

Jumanne, 10 Juni

Missing, yaani hajulikani alipo, nayo ni kivumishi. Lakini ina mkia wa kitenzi, ile -ing, mkia wa kazi isiyokwisha. Ajabu ya neno! Mtu anapotea, anaendelea kupotea, miaka ishirini na minne, wala hachoki.

Nimefanya mazoezi ya zote mbili. My wife is dead. My wife is missing. Tofauti ni neno la mwisho tu.

Hser Gay kapiga tena. Kitanda changu kakiweka karibu na dirisha. “Baba, neno moja tu,” kasema. Analia. Nimemwahidi.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mahojiano.

Niliingia saa tatu. Ofisa ni mama wa makamo, miwani, sauti ya upole. Mkalimani akatafsiri swali: mke wako je? Nikamwambia mkalimani, mwanangu, hili niachie.

“My wife is —”

Is haikusahaulika leo! Ilitoka safi kabisa. Ofisa kaishika kalamu juu ya fomu, anangoja. Mimi nimeshangaa tu. Sentensi haijaisha, na mke wangu, Ghay Say, tayari yumo ndani yake. Mzima. Na chumvi yake mkononi.

Ofisa akasema nipumzike, ninywe chai, nirudi baada ya dakika kumi.

Tamla, anayengoja zamu yake, kanigusa kiwiko. “Umeitafuna tena, mzee?”

Hapana. Safari hii, is ndiyo pekee iliyobaki mdomoni.

Chai imepoa. Mkalimani yuko mlangoni, ananiita.