Dubu Aliachwa Alale

Baba,

Salamu zikufikie huko uliko, kama zinafika. Mama hajambo. Mimi nina hasira, na sitakuficha, maana wewe hukuwahi kunificha kitu ila maumivu yako.

Jumamosi nilikwenda bustani ya wanyama kumtazama Bimkubwa, dubu wako. Nililipa kiingilio kama mgeni, mahali ulipofanya kazi tangu sijazaliwa. Bado yu hai. Mabega yamekonda, mdomo umejaa mvi. Nilikaa kwenye benchi mpaka chai ikanipoa mkononi, naye kalala tu. Aliinuka mara moja, akalizunguka jiwe lake huku akiburuta mguu wa nyuma, akarudi kulala palepale.

Dada anayemtunza sasa alinitambua kwa sura yako. Akaniambia wamemshushia kitanda cha majani makavu karibu na ardhi, kwa sababu viungo vinamuuma na hawezi tena kupanda. Chakula hawamwekei alfajiri, wanangoja aamke. "Baba yako ndiye aliyetuzoesha," alisema. Nililia, Baba, na si kwa huzuni. Kwa uchungu.

Ulipokuwa ukituchukua kule mimi na kaka Hemed, Bimkubwa alikuwa kijana asiyetulia: anapanda magogo, anafukua, anapiga maji. Miaka ikaenda, akaanza kupungua. Kwanza michezo, kisha kutembea, halafu mchana mzima ukawa wa kulala. Wageni wakanung'unika, wakagonga kioo. Uliwaendea na Kiingereza chako cha Kipemba ukawaambia huyu si mvivu, huyu ni mzee. Nyumbani ukatueleza kwamba porini pengine asingefika umri ule, ndiyo maana watu hawajui dubu mzee anakuwaje. "Mzee hasitushwi," ulisema.

Na wewe wakakusitusha.

Hemed ndiye aliyeichagua ile nyumba ya wazee Thamesmead. Nilisema uje kwangu Ilford. Akasema flati yangu ina ngazi nyingi, na yeye ndiye mkubwa. Kule walikuamsha kabla ya jua, wakakuosha, wakakuketisha mbele ya televisheni. Ukisinzia, mtu anakutikisa: "Wake up, darling." Hemed akasema hiyo routine, kila kitu kwa saa yake, ni nzuri kwako, ukilala mchana akili itapotea. Siku moja nilipokuja kukuona ulinishika mkono wa koti. "Mwanangu, waambie waniache nilale." Niliwaambia, Baba. Nilimwambia msimamizi, nikamwambia Hemed. Wakatabasamu. Wote wawili.

Kwenye hitma yako Hemed alisimama mbele ya watu akasema ulitunzwa vizuri mpaka mwisho. Watu wakaitikia. Nilikuwa na sinia la sambusa. Nikaenda kulibwaga jikoni. Mama akanifuata. Hakunigombeza. Alisema tu, "Najua."

Sasa sikia. Jumatatu, siku mbili baada ya kutoka kwa Bimkubwa, Hemed akanipigia simu. Mama siku hizi akishasali adhuhuri hujilaza mpaka alasiri. Eti amezidi kulala, na kulekule Thamesmead pana nafasi. Kulekule! Nilikata simu nikaita teksi kwenda kumchukua Mama. Nilimkuta keshakunja nguo zake, kama aliyekuwa akiningoja. Ngazi zangu tulizipanda taratibu, tukipumzika kila penye dirisha, yeye akizilaani moja moja. Hemed hajanisemesha tangu siku hiyo, wala simtafuti.

Usiniombe nimsamehe. Huenda nikaweza siku moja, leo siwezi.

Pumzika, Baba, Mungu akupe nafasi pana. Ahadi yangu ni hii: Mama yuko chumba cha nyuma, pazia nimelishusha, simu nimeizima. Hakuna atakayeufungua mlango ule mpaka aniite mwenyewe.

Mwanao,
Rukia