Mshale Usio na Chanzo

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Kompyuta yao kuukuu! Skrini ya maandishi ya kijani, na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Bosi anataka mfumo mpya kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia kwanza nauchambua huu wa zamani. Akaguna: uchambue nini, na unatupwa? Haraka haraka haina baraka, bosi. Nilisema kimoyomoyo tu.

Kanuni yangu ni ile ile. Kaa, tazama, andika, usiguse. Raha ni kwamba opereta wa asubuhi ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Ananitambulisha kwa kila mtu: huyu dada yangu, amekuja kuifukuza kazi kompyuta. Mjinga yule.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimechora njia ya dawa. Dawa ni klorini — gesi inayoua vijidudu kwenye maji, na ukiivuta inakuua na wewe. Kabla haijafunguliwa, kompyuta inauliza swali moja mara mbili: SALAMA? Kwanza pale mezani, mdogo wangu anabonyeza Ndiyo. Kisha kwenye kisanduku kilicho katika chumba cha zamani cha dawa, ng'ambo ya uwanja. Huko nako mtu abonyeze Ndiyo au Hapana. Watu wawili, macho manne. Aliyebuni hakuwa mpumbavu.

Kwenye mchoro wangu kila mshale lazima uwe na mahali unapotoka. Ndiyo ya kwanza inatoka kwa mdogo wangu. Na ya pili? Nikamuuliza, kule yuko nani?

Hamna mtu, dada. Kumefungwa tangu Redio afariki.

Redio alikuwa mwenzake wa zamu. Walimwita hivyo kwa kuwa akianza kuongea hakuwa na kitufe cha kuzima. Siku aliyokufa alibonyeza Hapana, akabaki ndani kutafuta panapovuja. Bosi wa wakati ule, si huyu, akaamuru wapite juu ya jibu lake, wafungue hivyo hivyo. Gesi ikafunguliwa. Baadaye mitungi ikahamishiwa nje, chumba kikatiwa kufuli, ila mabomba na kisanduku vikabaki humo humo.

Basi nani anabonyeza? Mdogo wangu anasema fundi umeme aliunganisha waya, kompyuta inajijibu. Haya. Nimeandika: fundi umeme.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi umeme amecheka. Hajaunganisha kitu! Yeye anajua mtu wa programu ndiye aliyerekebisha. Nikampigia mtu wa programu. Hajagusa hata mstari mmoja. Anajua mdogo wangu huvuka uwanja kwenda kubonyeza. Watu wazima watatu, wametegeana miaka yote hiyo.

Nimeisoma programu yote. Haijijibu.

Tukaenda na fundi nyuma ya kile chumba. Waya wa kisanduku umeliwa na panya. Umekatika kabisa, ncha zimegeuka kijani. Tumesimama tukiutazama mchana kweupe, jua la utosi. Fundi akaacha kucheka. Akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Jumanne, 12 Machi

Leo kutazama tu. Mdogo wangu anabonyeza, na jibu la pili haliji papo hapo. Linakawia kidogo, kama mtu anayeinuka kwenye kiti. Huwa linakawia hivi? Akanijibu bila kuniangalia: Redio alikuwa na goti bovu.

Nikamgombeza bure, maskini.

Kumbe mara nyingine jibu huwa Hapana! Wao wanasema "mashine imenuna". Wanasubiri, wanajaribu tena baadaye. Mwaka jana ilinuna kutwa nzima, ndipo mdogo wangu akakuta valvu inavuja. Ananisimulia kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Na wifi yangu yuko nyumbani na tumbo lile, mtoto anaweza kuja wiki yoyote. Naogopa. Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimewasilisha. Palipoandikwa "mtumiaji wa pili" niliacha wazi. Bosi: mtu mmoja anatosha, teknolojia imekua. Nikakataa, kwa sauti, mbele ya watu. Macho manne, la sivyo atafute mchambuzi mwingine. Akakubali. Nikafurahi! Halafu akaongeza: mezani tutaajiri mtu, mdogo wako atakaa kule chumbani, ana uzoefu. Tutapapaka rangi.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Ametaka pia kitufe cha kupita juu ya jibu, kwa dharura. Nimekiweka, chini ya kifuniko. Jibu la Hapana nimeliondoa. Asiyekubali asibonyeze, basi. Bosi amesifu, eti muundo safi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuliona tena neno lile.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ya majaribio. Kompyuta mpya, waya mpya, kisanduku kipya cha kitufe kimoja kule chumbani. Ile ya zamani imechomolewa, iko sakafuni, imegeukia ukuta. Mezani nimekaa mimi. Asubuhi wifi alinipigia: nirudishie mtu wangu mzima. Nikacheka, nikamwambia aache uoga.

Mdogo wangu akavuka uwanja na ufunguo, anapiga mluzi. Bosi hakungoja afike. Anza, akasema. Nikabonyeza Ndiyo. Skrini ikauliza upande wa pili. Ikakawia kidogo.

HAPANA.

Neno hilo halimo kwenye mfumo huu. Nimeuandika mimi, kila mstari!

Nikampigia mdogo wangu. Umebonyeza nini? Nibonyeze wapi dada, bado nahangaika na kufuli hili la kutu, limekwama tena. Nikamwambia aliache, asogee mbali. Nimepiga kelele mpaka bosi akaruka.

Sasa amekaa kwenye ukingo wa saruji katikati ya uwanja, namwona dirishani. Fundi umeme amekwenda kutafuta kipimo cha gesi. Hajarudi. Bosi yuko nyuma yangu. Anasema ni hitilafu ya siku ya kwanza. Anasema nifunue kile kifuniko nibonyeze, mji mzima unasubiri maji. Ananiuliza naandika nini. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mdogo wangu amesimama. Anautazama ule mlango. Simu yangu inaita.

Dada, anasema, taratibu kabisa. Kuna mtu anaongea mle ndani. Hanyamazi.

Bosi ananyoosha mkono kuelekea kitufe. Nimeweka daftari juu ya kifuniko, na naendelea kuandika hapo hapo juu yake.