Sare Moja kwa Kila Nyumba

Jumatatu, 29 Desemba 2025
Habari njema leo – serikali yatoa sare za shule kwa wasiojiweza, ofisi ya wadi, Jumatano. Alhamdulillahi! Tangu mume wangu Jafar avunjike mguu bandarini hajapata kibarua tena, na wasichana wote wawili waingia gredi ya saba. Shule mpya, sare mpya. Mwalimu kashasema asiye na sare asifike getini. Zuleikha na Swabra wamelala wakizungumzia sketi.

Jumatano, 31 Desemba
Foleni na wasichana wangu tangu asubuhi, juani. Binti wa mezani aitwa Winfred, mstaarabu kabisa. Kanieleza kuwa zimeletwa chache, kila nyumba mtoto mmoja. Nikamwambia mimi ninao wawili. Akawatazama. Hawafanani.

"Wa kumzaa ni yupi?"

Swabra alikuwa kanishika mkono. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu hajaota meno; asili yake aijua, ila hajui mama mwingine.

Nikasema, "Zuleikha."

Akaniachia mkono. Polepole tu.

Ijumaa, 2 Januari 2026
Swabra hakulia. Afadhali angelia. Kafua, kapika, kaosha vyombo – hakuna aliyemtuma. Asubuhi kaniamkia, "Shikamoo, mama mdogo." Mama mdogo! Maisha yake yote mimi ni mama.

Jafar asema niliulizwa nikajibu kweli, sasa nalia nini. Nimezunguka Likoni nzima kutafuta sare kuukuu. Hakuna. Shule yenyewe mpya, mwaka huu ndiyo kwanza yafunguliwa, sare kuukuu zitoke wapi?

Jumapili, 4 Januari
Jirani yetu Jalila kaja baada ya alasiri. Kuna watu Nyali wataka msichana wa kulea mtoto, alale huko huko. Nikamwambia Swabra ana miaka kumi na mitatu, amwache. Jalila kainamisha kichwa – kumbe ni Swabra mwenyewe aliyemwendea kuomba kazi.

Nikamwita. "Abee," kwa adabu zote. Nikamwambia haendi popote, shule atakwenda, sare nitatafuta.

"Wapi, mama mdogo?"

Akarudi jikoni.

Jumatatu, 5 Januari
Kitanda kitupu. Kaondoka kabla ya adhana, na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki. Jalila aapa wallahi hakumpeleka – alimwelekeza nyumba tu. Tu!

Zuleikha kavaa sare. Sketi yampwaya, kaifunga pini. Kakaa kizingitini, hataki kutoka. Asema wakimuuliza Swabra yuko wapi, ajibu nini? Nimemwambia anyamaze. Kisha nikamkumbatia, nikalilowesha shati jipya.

Nimeshavaa buibui. Naenda Nyali, nimrudishe, na ya shule tutayaona huko mbele. Jafar kaniuliza akiwa kitandani, pole pole, si kwa ubaya: nikifika langoni kwa wenyewe, nitasema mimi ni nani wake?

Nimeketi hapa nimeshika kalamu, na Zuleikha yuko mlangoni angojea asikie nitajibu nini.