Fundo la Pindo la Ndani

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu zangu, nazo ni nyingi kuliko karatasi hii. Natumaini goti lako limeacha kulalamika na shemeji yuko na ukaidi wake uleule. Mimi ni mzima. Niseme ni mzima kupita kiasi, na hilo ndilo linaloniandikisha.

Usicheke mwandiko. Najua herufi zangu zimelala huku na huku kama walevi, lakini nimeziandika mwenyewe, moja moja, siku ya tatu leo. Zamani ningemwomba mwalimu wa jirani aniandikie. Ila mwalimu naye nilimshonea shati, na tangu alivae, mwandiko wake ukawa kama wangu. Mtu aliyefundisha watoto kuandika miaka ishirini akawa anaandika kama fundi cherehani aliyeacha shule darasa la pili, huku akijisifu kwamba hakuna mwenye mkono mzuri kama wake.

Barua yako niliipata. Unasema binti yako, kitindamimba wetu, alirudi huko na gauni nililomshonea ili apate usingizi, na usingizi kweli kaupata. Lakini sasa anachechemea mguu wa kushoto, na daktari haoni kasoro. Anafuta jicho la kulia hata likiwa kavu. Juzi ulimkataza jambo akakujibu kwamba yeye hafundishwi na mtu, kisha akakuita “mdogo wangu”, kama ninavyokuita mimi. Ukaniuliza kama kuna kitu nilifanya. Nitakujibu, lakini niache nifike kwa miguu yangu.

Unakumbuka mama alivyonifundisha, wewe umekaa pale unachambua vifungo. Nguo ya mgonjwa hushonwa kama nguo nyingine yoyote, ila fundo la mwisho, lile la pindo la ndani lisiloonekana, hufungwa kwa mkono huku ukilitaja jina la mvaaji. Na akija kushukuru, fundi husema: si mimi, ni uzi. Wewe ulimcheka mama, ukamwambia uzi hauna masikio. Akakujibu kwamba unayo, tena hauulizi mara mbili.

Sasa nikwambie, na unajua sisemi uongo kuhusu kazi yangu: hakuna mkono kama huu. Mama mwenyewe hakunifikia kwa mshono ulionyooka. Nimeondoa homa, nimeondoa majonzi, kinyozi wa mkabala nilimrudishia sauti iliyompotea mwaka mzima. Alipokuja kushukuru nikasema si mimi, ni uzi. Akaniambia basi niusalimie sana huo uzi, akaenda zake akicheka. Mdogo wangu, natoka jasho miaka arobaini, halafu sifa ichukue uzi wa dukani? Mama alipofariki niliacha maneno yale. Mtu akinishukuru, namwambia ndiyo, ni mimi.

Baadaye kinyozi, ambaye nilikuwa nimemshonea shati jingine, akaanza kuchechemea kama mimi. Nikadhani ananikejeli, nikamtolea maneno ambayo hayaandikiki. Akafuata muuza mkaa, akafuata mama wa duka la dawa, wote mguu wa kushoto. Ikafika nikikohoa asubuhi dukani kwangu, mtaa mzima unakohoa. Sikufichi, nilifurahi. Nilikuwa nakaa mlangoni nakohoa makusudi, kama mtu anayepiga kengele.

Mwezi uliopita mambo yakageuka. Nilikuwa nimeinama nachora kitambaa kwa chaki, mtaa ukakohoa. Mimi sikuwa nimekohoa. Ndipo koo likaniwasha, nikakohoa baada yao. Tangu siku hiyo mimi ndiye wa mwisho. Wanafuta jicho, ndipo nafuta. Wanageuza shingo, ndipo nageuza. Na hakuna anayemsikiliza mwenzake, kila mmoja anasimulia ustadi wake kwa maneno yangu. Jumatatu nilimkuta muuza mkaa amekaa kwenye cherehani yangu, vidole vyeusi juu ya kitambaa cheupe. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanijibu kwa upole, karibu mzee, fundi ni mimi. Ukutani nyuma yake walikuwa wamesimama wengine sita, wakingoja zamu ya kukaa.

Sasa nimefika. Kwenye mafundo yale sikutaja majina yao. Nilitaja langu. Tangu tumzike mama, kila pindo lililotoka mikononi mwangu lina jina langu ndani.

Na la binti yako pia. Usinitetee kwamba nilikosea. Alipokuja, mtaa ulishaanza kuchechemea na nilishaona. Kwake nilikuwa nimeamua kufanya sawasawa, maana jina lake ni la mama. Akalijaribu gauni, akajigeuza, akasema ni mkono wa bibi kabisa huu. Hilo tu. Pini bado nilikuwa nimezibana mdomoni. Nikapiga magoti nyuma yake kumalizia pindo, nikafunga fundo, nikajitaja mara tatu.

Dawa ipo. Juzi tulifumua shati la mwalimu. Mkewe alivuta uzi, mimi nikasema yale maneno ya mama mpaka uzi ukaisha. Yalinitoka kama jino. Mwalimu akanyoosha mguu, akafungua daftari lake, akalia alipoona alichokuwa anaandika. Kisha akanitazama, akamwuliza mkewe huyu mzee ni nani. Tumekaa jirani miaka thelathini. Uzi ukitoka, natoka nao mzima mzima, hata kwenye kumbukumbu.

Basi Ijumaa, jua likiwa utosini, fumua gauni. Anzia kwenye fundo, ubavu wa kushoto, na umwite kwa jina lake unapovuta. Mimi huku nitakuwa nasema maneno ya mama. Atakataa kulitoa. Usibishane naye, hujawahi kunishinda. Mwambie aliyelishona hana mfano duniani, atakupa mwenyewe ulitazame kwa karibu. Na barua hii usimsomee, maana atamaliza sentensi kabla yako. Nimempa dereva wa lori ailete. Nilimkagua nguo kwanza, zote za dukani.

Akikuuliza baadaye nani alimshonea gauni lile, sema ni bibi yake.

Nikimalizana naye nitaanza na kinyozi, kisha wengine, mmoja mmoja. Lakini gauni lako la kijani usiliguse. Hilo nililishona mama akiwa hai, amenisimamia begani, na jina nililotaja ni lako. Mtu mmoja wa kunijua ananitosha.

Msalimie shemeji, na majirani wote waliobaki. Binti usimpe salamu zangu, hatajua zimetoka kwa nani.

Hapa chini ndipo huwa naweka jina langu. Ndilo neno pekee ninaloliandika bila kusita, nawe unajua nilivyolipenda. Leo nimeacha wazi.

Si mimi, ni uzi.