Mitutu ya Mjomba Valdemar

Mahurunga, 11 Februari 2025

Mpwa wangu Celia,

Jumapili tarehe 9, tukiwa kanisani, nyani wameng'oa mashina 212 ya muhogo wangu. Nimehesabu mara mbili. Haya, habari za Mtwara? Kifua cha mama yako? Sisi wazima.

Leo siku ya 19 bunduki niliyoachiwa na mjomba wangu iko karakanani kwako. Nilikuletea kwa kibali cha polisi ukaze bawaba, basi. Mitutu inang'aa mpaka unajiona uso; miaka 31 naisugua kwa msasa kila Krismasi. Ekari sita nimezifyeka mwenyewe, sikusaidiwa na mtu, halafu nyani wananicheka. Nirudishie.

Mjomba wako,
Valdemar

Mtwara, 13 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Pole sana na muhogo. Mama kifua kimepoa. Anakula mpaka tunamficha sufuria.

Bawaba nimekaza. Ila mitutu niliitundika kwa uzi nikaigonga kwa kijiti. Iliyo mizima hulia kama kengele. Yako ilitoa sauti ya sahani yenye ufa, maana lehemu inayoishikanisha imeachia. Nikapima unene pale unaposhika kwa mkono wa kushoto: mtutu wa kushoto milimita 1.9, wa kulia 0.5. Wa kulia ndio wageni wanauona ikiwa ukutani, ndio uliousugua zaidi. Msasa umeula, Mjomba. Tena ilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani, siyo risasi za siku hizi. Siwezi kukupa uiweke shavuni.

Mpwa wako,
Celia

Mahurunga, 2 Machi 2025

Mpwa wangu Celia,

Hujambo? Mama yako je? Nilipopata barua yako nilikuja Mtwara, nikamvizia fundi wako Witness ukiwa umetoka, nikabeba bunduki yangu bila kuaga. Nilikuwa na hasira.

Jirani yangu Hashimu alisoma barua yako, akanizuia nisiishike wakati wa kuijaribu. Tukaifunga kwenye kisiki, tukavuta kifyatulio kwa kamba ya mita 25. Mlio wa kwanza nikamwambia, "Unaona? Mtoto wa dada yangu anaogopa kengele!" Wa pili nikacheka. Wa tatu mtutu wa kulia ukapasuka shubiri nzima, pale pale pa mkono wangu. Hashimu akasema, "Valdemar, hesabu vidole." Nikahesabu, kumi.

Mabaki nimeyapeleka polisi. Nyani tunawafukuza kwa madebe na mbwa wawili wa Hashimu. Wiki hii wamepata mashina manne tu. Nalala vizuri.

Sasa sikiliza. Kwetu mali ya mjomba huenda kwa mpwa, na nilishamwandika kaka yako Americo kuwa mrithi. Yeye nilimpigia simu, akaniambia bunduki ni nzima bila hata kuiona, ili nifurahi. Wewe ulikubali nikununie. Nataka nikuandike wewe: ekari sita na mikorosho 48. Ijumaa tarehe 7, saa nne asubuhi, naingia ofisi ya kijiji na karatasi. Utapokea au hutapokea? Nataka neno moja, linifikie kabla ya saa hiyo.

Mjomba wako,
Valdemar