Pakiti za Shayiri Msibani

Jumamosi, usiku. Mvua imekatika ila mawingu bado yamekaa juu ya ziwa, na mimi nimejifungia chumbani naandika wakati jiko linanisubiri.

Waliozoea kunisoma wanajua Jumamosi ni siku ya kikapu. Nazunguka ile supamaketi ya bei poa kule Mwanga, kisha nawaandikia kipi kimeshushwa bei, kipi ni chakula kweli na kipi ni sukari tupu iliyovalishwa karatasi nzuri. Leo ningewaambia kwamba shayiri ya pakiti imeshuka karibu nusu kwa sababu tarehe yake inakaribia, na kwamba bado ni nzima kabisa. Ningewaambia pia msinunue dagaa wa pakiti pale, maana ukitoka nje tu ukaingia sokoni unawapata wapya na kwa bei ya chini zaidi.

Basi hayo nimeyasema. Sasa niseme lililonifanya nishindwe kula tangu mchana.

Leo nimemwaibisha baba yangu mbele za watu.

Baba anaishi kwangu hapa Gungu tangu hospitali walipotuambia ana kisukari. Kwao ni Ujiji. Alikuwa msimamizi wa wapakiaji bandarini, mtu wa sauti nzito, na watu walikuwa wakivuka barabara kuja kumpa shikamoo. Mimi nimerithi jina la mama yake, ndiyo maana tangu nikiwa mtoto ananiita mama. Alipohamia kwangu nikaushika umama huo kwa mikono miwili. Ugali wa muhogo aliokulia nikauondoa, nikaleta dona, tena kwa kipimo. Migebuka, samaki wetu wa ziwani, nikawa nawachemsha bila tone la mawese. Chai bila sukari. Vipimo vikashuka kweli, nami nikavimba kichwa. Hapa kwenye blogu mlinipongeza sana, mkasema laiti kila mzee angekuwa na binti kama mimi.

Leo asubuhi nilitoka mapema kwenda Mwandiga kununua mboga. Nikiwa narudi, baba akapiga simu, sikupokea. Akapiga tena, nikaiacha simu iite kwenye pochi. Baba hupiga simu kila siku kuuliza betri za redio ziko wapi, na mimi nilikuwa nimebeba mafungu ya matembele mikono yote miwili. Ningeweza kuyaweka chini. Sikuyaweka chini kwa sababu sikutaka kusikia habari za betri.

Nikashukia Mwanga, nikaingia supamaketi. Kwenye rafu ya ofa nikawakuta wasichana wawili walionitambua. Wakasema wao ni wasomaji wangu, wakaomba niwaonyeshe namna ya kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Nani anakataa? Nikawa nazunguka nao kama mwalimu, sauti juu, kidole kwenye maandishi.

Ndipo nikamwona baba kwenye foleni ya kaunta.

Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia yake ya kutokea. Kwenye kikapu chake kulikuwa na sukari kilo tano, majani ya chai na mikate mikubwa miwili, ile myeupe laini.

Mtu yeyote aliyelelewa Ujiji, akimwona mzee wa kanzu safi na sukari kilo tano na majani ya chai, anajua moja kwa moja anakokwenda. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi, na macho yangu yanayosoma maandishi madogo kuliko sisimizi, niliona sukari tu.

Nikamfuata. Shikamoo nilimpa, nisijisingizie, ila niliitoa kama mtu anayelipa nauli. Kisha nikashika kikapu. Nikamuuliza kwa sauti ile ile ya kufundishia kama ndivyo tulivyokubaliana. Baba akaangalia pembeni, akasema taratibu, "Mama, hivyo vitu si vya..." Nikamkata. Nikasema kila mgonjwa husema hivyo.

Mgonjwa. Nilimwita hivyo kwenye foleni, nyuma yake kukiwa na watu.

Kulikuwa na bibi mmoja wa rika la baba, amejitanda khanga, akaniambia, "Mwanangu, mwache mzee wako aende na vyake." Bibi wa watu alikuwa ameshaelewa. Nikamjibu kwamba huyu ana sukari, bibi, wewe hujui. Kwa hiyo na ugonjwa wake nikautangaza.

Sasa nikiri jambo ambalo nisingependa mlisome. Wale wasichana walikuwa bado wananitazama. Ningekuwa peke yangu ningemvuta baba pembeni tukaongea, na angemaliza sentensi yake. Nilipaza sauti kwa sababu nilikuwa na watazamaji.

Nikarudisha sukari, mikate na majani ya chai. Nikajaza pakiti za shayiri, zile za ofa, na biskuti za wagonjwa wa kisukari ambazo hata mbuzi angefikiria mara mbili. Baba alikuwa ameshika noti zake mkononi. Nikazichukua, nikalipa, nikampa mfuko na chenji. Akasema, "Haya, mama. Asante." Akatoka nje akapanda bodaboda. Niliiona ikikata kuelekea Ujiji badala ya Gungu, nikasema moyoni, amenuna huyo, anakwenda kunisema kwa wenzake, akitulia atarudi.

Mmoja wa wale wasichana alisema mimi ni jasiri. Nilifurahi.

Mchana shangazi alinipigia kutoka Ujiji. Shangazi ni dada yake baba, mdomo wake hauna breki. Akaanza, "Tumepata uji wako, mwanangu. Mbona umetuma mzigo mwenyewe hujaja?" Nikamuuliza nije wapi. Akashusha sauti. "Kwa Mzee Issa. Kafariki alfajiri, tunazika baada ya alasiri. Baba yako hakukwambia?"

Mzee Issa ni rafiki yake baba tangu wakiwa vijana wanabeba magunia bandarini. Mama yangu alipofariki, Mzee Issa alihamia kwetu na mkeka wake. Alilala nje na baba mpaka matanga yakaanuliwa, na akirudi kwake mchana ni kuoga tu.

Kwa huyo mtu, baba yangu amekwenda na shayiri.

Na hakuweza kwenda mikono mitupu, ndiyo maana alikwenda nayo. Chenji niliyomrudishia ilitosha bodaboda tu. Nimejaribu kumfikiria akishuka pale mbele ya wazee wenzake, wengine wameleta mchele, wengine sukari, yeye anakabidhi mfuko wa pakiti zenye picha ya bakuli na matunda. Kila nikimfikiria nasimama, natembea chumbani, nakaa tena.

Lakini subirini. Shangazi hakupiga kunisuta. Alipiga kunishukuru. Alisema akina mama walipofungua mfuko walitazamana, mmoja akacheka, akauliza kama huyu mzee katumwa dukani akapotea. Baba akajibu kwa sauti, kila mtu akasikia, kwamba hivyo vimetoka kwa binti yake, mtaalamu wa lishe, amemchagulia mjane kwa mkono wake kwa sababu anajua naye ana sukari, na chai ya msibani itamdhuru. Akina mama wakainuka. Wakampikia mjane uji. Shangazi anasema ndicho kitu pekee alichokunywa leo, na sifa zangu zimejaa ukumbini.

Nilipaswa kusema kweli papo hapo. Badala yake nikasema, "Asante, shangazi. Mfikishieni pole zangu."

Nilizipokea zile sifa. Baba ametoka kuvuliwa nguo na mimi, anafika tu anachukua kile kitambaa kidogo alichobaki nacho ananifunika, nami nikajifunika.

Na sikwenda Ujiji. Mawingu yalikuwa yametanda, nikasingizia mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa kukaa kwenye mkeka mmoja na wale akina mama wakinisifu, nikaogopa zaidi kukutana na macho ya baba. Nikakaa hapa nikimenya muhogo ambao sikumbuki nilitaka kuufanya nini.

Baba amerudi muda mfupi baada ya magharibi. Kanzu ina udongo wa makaburini kwenye pindo. Nimempa shikamoo, safari hii nimepiga goti. Nikaanza kusema baba nisamehe, nikaishia njiani. Akaitikia marahaba, akauliza kama nimekula.  Akaniambia mazishi yalikuwa na watu wengi, ziwa lilikuwa tulivu, mvua iliwangoja mpaka wakamaliza kufukia. Kuhusu duka hakugusia. Kuhusu shayiri hakugusia. Heri angenifokea. Zamani alikuwa akifoka mpaka majirani wanaitika.

Kisha nikauliza swali ambalo lilikuwa mbele yangu muda wote. Wazee wenzake wote leo wanalala kwa Mzee Issa, ndiyo desturi, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na marehemu kuliko wote. Nikamuuliza mbona amerudi.

Akasema, "Sikukuaga, mama. Nikaona utakasirika."

Hakuwa ananisimanga. Mtu akikusimanga unaona mdomoni, hasa baba, simango lake nalijua. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyoeleza kwamba dukani hakuna chumvi. Aliondoka kwenye mkeka wa rafiki yake wa ujana, akawaaga wazee wenzake sijui kwa maneno gani, akarudi Gungu, kwa sababu binti yake hakumpa ruhusa.

Nimekuwa nikiandika hapa jinsi alivyobadilika, jinsi siku hizi hanibishii. Nilidhani ameelimika. Kumbe ananiogopa.

Nikamwambia, baba, rudi ukalale msibani.

Akaniangalia. Akauliza, "Kweli?"

Nikaingia chumbani kwake nikamtolea shuka, sweta na dawa zake za usiku. Hakuna nilichosema juu ya atakachokula huko. Nimemwita bodaboda wa hapa mtaani tunayemwamini. Baba amepanda taratibu, amekumbatia shuka, na kabla hawajaondoka amegeuka akanishukuru. Kanishukuru kwa kumruhusu akamlilie rafiki yake.

Kesho asubuhi naenda Ujiji. Sijui nitaanzaje, ila nitasema kweli ya ile shayiri mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile niliyotumia dukani.